Kompyuta yangu haijawahi kuotesha hata harage moja

Juzi kwenye kikao cha harusi, Tukuyu, mjomba alinitambulisha kwa wajumbe: "Huyu mpwa wangu yuko kwenye utafiti wa kilimo, anatengeneza mbegu kwa kompyuta." Wajumbe wakaitikia kwa heshima zote. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli tumeshalipata "jini la mavuno". Ni jeni, baba. Jini ni habari nyingine, ingawa siku nikimpata anayeongeza mavuno nitampa ajira ya kudumu.

Hii ni mara ya tatu mwezi huu, kwa hiyo naandika.

Tuanze na GMO, yaani mimea iliyoingizwa jeni maabara, tumalizane nayo haraka: hapana, hatutengenezi hizo. Tunachavusha maua kwa kibano na vidole, kama walivyofanya waliotutangulia. Miche ya watoto ikiota tunakata kipande cha jani, maabara inasoma alama za vinasaba, yaani sehemu ambazo mmea mmoja hutofautiana na mwingine, sisi tunaletewa jedwali refu la sifuri, moja na mbili: mmea una nakala ngapi za kila alama. Mmea hauingizwi kitu. Umesomwa tu.

Sasa hilo jini. Watu wanaamini kila sifa ina jeni lake moja, limejificha mahali linangoja mtu mwenye kompyuta nzuri. Siwalaumu sana, maana sifa za hivyo zipo. Ukinzani wa chule, ugonjwa wa ukungu, kwenye maharage mara nyingi hubebwa na jeni moja lenye nguvu, yale yanayoandikwa Co na namba mbele yake. Ukiwa na alama iliyokaa jirani nalo, unachuja miche ikiwa bado na majani mawili. Ukinzani wa ugonjwa wa milia ya mahindi nao una sehemu moja kubwa kwenye kromosomu ya 1. Hapo ukisema "tumepata jeni", sigombani na mtu.

Mavuno siyo hivyo. Mavuno ni idadi ya maganda, punje kwa ganda, uzito wa punje, mizizi, siku ya kutoa ua, na jinsi mmea ulivyovumilia lile jua la wiki mbili mvua ilipokatika Februari. Harage lina kromosomu 11 na jeni zaidi ya 25,000, na vipande visivyohesabika vinachangia gramu hapa, nusu gramu pale. Ukivipima kimoja kimoja na kubakiza vile tu vilivyofaulu mtihani wa takwimu, umetupa karibu mzigo wote. Mwaka 2001 watafiti Meuwissen, Hayes na Goddard walionyesha njia nyingine: usichague alama, zipe zote uzito kwa pamoja, hata zile zisizoonekana kuwa na maana zikiwa peke yake, kisha jumlisha. Waliofaidi kwanza ni wafuga ng'ombe wa maziwa. Marekani ilianza kutoa makadirio rasmi ya namna hii kwa madume ya ng'ombe wa Holstein mwaka 2009, badala ya kungoja mabinti wa dume wazae na wakamuliwe.

Kwa hiyo kazi ya kompyuta ni kukadiria. Naipa mistari (koo za mbegu zinazozaa zinazofanana nazo) mia kadhaa iliyopimwa shambani pamoja na vinasaba vyake, halafu naipa ndugu zao ambao hawajagusa udongo, nayo inaniambia nianze na nani. Faida yake ni muda. Kutoka kuchavusha hadi aina kupitishwa ni miaka minane, wakati mwingine kumi, na mvua zetu ni msimu mmoja tu, Novemba hadi Mei. Ukiokoa mizunguko miwili umeokoa kitu.

Ila nimesema ndugu zao, na hapa ndipo ninapochokaga. Mtu anachukua modeli, yaani hesabu ya kukadiria, iliyofunzwa kwa mimea ya bara jingine, analisha vinasaba vya kwetu, anashangaa majibu ni upuuzi. Hata hapahapa kwetu: Uyole iko karibu mita 1,800, Usangu iko zaidi ya mita 500 chini yake, Kyela ndiyo usiseme. Mstari unaoongoza Uyole unaweza kuwa wa kawaida kabisa kwenye joto la Usangu. Kompyuta haijui joto ambalo hujaipelekea takwimu zake.

Halafu zile korelesheni za kwenye slaidi, namba za kuonyesha utabiri ulikaribia kiasi gani vipimo vya shambani! Maharage ya porini yaligeuzwa zao la shambani mara mbili, kwenye milima ya Andes na kule Mexico, na koo hizo mbili zimeachana sana. Zichanganye kwenye seti moja, modeli itatabiri vizuri kwa kujua tu nani ni wa ukoo gani. Mama anayeuza maharage soko la Mwanjelwa, Mbeya, anakutenganishia nyingi kwa ukubwa wa punje, bila senti ya maabara. Korelesheni ya 0.6 inapendeza; uliza inabaki ngapi ndani ya familia moja, baba mmoja mama mmoja. Yangu iliwahi kuporomoka mpaka nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Na modeli haina aibu. Mwaka fulani niliigeuza sahani ya maabara ya vishimo 96, kila kishimo kwa sampuli moja, nyuzi 180 kabla ya kupakia sampuli. Wa kwanza akawa wa mwisho. Programu haikulalamika. Ilinipangia washindi hadi desimali ya nne. Nilishtuka tu nilipoona mtoto ana aleli, yaani matoleo ya jeni, ambazo baba hana na mama hana. Wazazi hao niliwachavusha kwa mkono wangu, kwa hiyo umbea haukuwa na nafasi.

Kuna mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza, fedha za kusoma vinasaba zingeweza kulipia ploti nyingi zaidi, na kuna misimu nadhani ploti zingenisaidia zaidi. La pili, uzito wa kila sifa kwenye fahirisi, ile alama moja ya jumla tunayochagulia mistari, tunaupanga sisi mezani: mavuno kiasi hiki, chule kiasi hiki. Mchuzi je? Kuni za kuivisha je? Mnunuzi anataka njano, na njano ya aina fulani, siyo ile iliyofifia. Namba niliyoweka pale kwa rangi niliikisia.

Mjomba alipoona nimenuna, aliahidi kunipa robo eka Rungwe nijaze majaribio. Nikakubali kabla hajabadili mawazo. Akataka kujua kama hayo maharage yatakayoshindwa nayo yataliwa.

Yataliwa, mjomba. Lakini mizani kwanza.