Je, wajua rangi huingiaje katikati ya gololi?

Inua gololi juani uitazame vizuri. Utaona utepe wa buluu au wa manjano umejipinda katikati ya kioo kisicho na rangi, na hakuna tundu lolote ulikopitia. Kuanzia Nakuru hadi Kisumu, ukiwauliza wachezaji wa bano, yaani mchezo wa gololi, utepe huo ulifikaje pale, wengi watakwambia kwamba gololi hutengenezwa nusu mbili, rangi ikapakwa ndani, kisha nusu zikagundishwa.

Si kweli, lakini wanaosema hivyo wana ushahidi. Gololi nyingi zina mkunjo mwembamba usoni, na ukiupitisha ukucha unausikia. Ni rahisi kuudhani kuwa kiungo. Ukweli ni kwamba mkunjo huo uliachwa na mkasi. Kiwandani, kioo kilichoyeyuka humiminika kutoka tanurini kikiwa mkondo mnene, na mkasi wa mashine hukikatakata madonge. Kila donge huangukia kwenye roli zenye mifereji zinazozunguka, likabingirishwa huku likipoa mpaka liwe mviringo. Pale mkasi ulipokata, mara nyingine panabaki kovu. Mashine ya kubingirisha madonge ya kioo ilipewa hataza, yaani hati ya uvumbuzi, mwaka 1905 kwa jina la Martin Christensen wa Akron, Ohio, nchini Marekani. Rangi huingizwa mapema, kioo kikiwa bado kinamiminika: mkondo mdogo wa kioo cha rangi hupenyezwa ndani ya mkondo mkubwa.

Kuna njia ya kuthibitisha. Funga gololi ndani ya kitambaa kizito, kinga macho, uipige nyundo. Kama ingekuwa nusu mbili zilizogundishwa, ingeachana kwenye kiungo. Badala yake hupasuka popote, na nyuso za vipande huwa na mawimbi ya mviringo yanayofanana na kombe la pwani. Obsidiani ya mlima Eburru, kioo kilichotengenezwa na volkeno, hupasuka vivyo hivyo na kuacha ukingo mkali, ndiyo maana watu wa kale wa Kariandusi, karibu na Gilgil, waliichongea mashoka ya mkono. Sasa tazama utepe kwenye vipande vyako: umekatika pamoja na kioo, nao wenyewe ni kioo. Rangi ya kawaida ya kupaka ingeungua katika joto la tanuri. Buluu ile nzito hutokana na oksidi ya kobalti kidogo sana iliyoyeyushwa ndani ya kioo. Chuma huleta kijani, manganizi huleta zambarau.

Linalobaki ni hili: vioo viwili vya moto vikikutana, kwa nini visichanganyike vikawa rangi moja?

Jibu ni mnato. Kioo cha kawaida, kile cha chupa na madirisha, kikifika nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi huwa laini kiasi cha kufinyangika, lakini bado ni kizito kuliko asali takriban mara mia. Kitu kizito namna hiyo hakina misukosuko ndani yake. Mpishi wa chapati za tabaka husukuma donge, hupaka mafuta, hulikunja, hulizungusha liwe duara, kisha hulisukuma tena. Kila tabaka linazidi kuwa jembamba, linajipinda na kurefuka, lakini halibadilishi jirani, na ukiichana chapati iliyoiva unayakuta matabaka yote kwa mpangilio wake. Kioo cha moto hutii kanuni hiyohiyo, kwa uaminifu ambao mimi naona ni wa ajabu kabisa.

Mafundi wa kupuliza kioo wamejenga sanaa nzima juu ya tabia hiyo. Hawachori mstari mwembamba. Hutengeneza mstari mnene, kisha huuvuta. Fundi huzoa kioo cheupe kwa chuma, hukifunika kwa kioo kisicho na rangi, mwenzake hushika ncha ya pili, na wawili hao huachana wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Bonge fupi, nene kama mkono, hugeuka ufito wa mita nyingi usiozidi unene wa penseli. Kama bonge lilianza na nyota katikati, kila kipande utakachokata kwenye ufito kina nyota ileile, ndogo tu. Kisiwani Murano, nchini Italia, ambako tanuri za kioo za mji wa Venice zilihamishiwa mwaka 1291, kazi hii ilifika mbali mno.

Ninayoipenda kuliko zote ni wavu. Fundi hupanga fito pembeni mwa puto la kioo, akalisokota kuelekea kulia. Hutengeneza puto la pili, akalisokota kuelekea kushoto, kisha huliingiza moja ndani ya jingine. Mistari hupishana ikawa wavu, na katikati ya kila jicho la wavu kuna kiputo kimoja cha hewa, vyote vikilingana. Hakuna aliyevitoboa. Fito zilikuwa zimeinuka kidogo juu ya uso wa kioo, kwa hiyo kuta mbili zilipokutana, matuta ndiyo yaliyogusana kwanza na kuifungia hewa kwenye nafasi zilizobaki. Kisha mvutano wa uso wa kioo uliiviringisha hewa hiyo. Mwanafunzi akiziyeyusha fito mno zikalala sawa na ukuta, hapati viputo. Upande mmoja ukiwa na moto kuliko mwingine, husokoteka zaidi, na mistari hurundikana huko.

Anayetaka kujaribia chupa kuukuu ajue kwamba chupa ya kijani na kioo cha dirisha huenda visipatane. Kila kioo hunywea kwa kiwango chake kinapopoa, na tofauti ikizidi, chombo hupasuka, hata siku kadhaa baadaye. Mafundi hupima hivi: huunganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu, huviyeyusha, huvivuta kuwa uzi mmoja, wakauacha upoe. Uzi ukibaki umenyooka, vioo vinapatana. Ukipinda, kioo kilicho upande wa ndani wa pindo ndicho kilichonywea zaidi, na viwili hivyo haviwekwi kwenye chombo kimoja.