Mto uliochimba Kilindini

Watu wengi wa Mombasa wakienda kutazama maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills huhisi wameiacha bahari nyuma na kuingia dunia nyingine. Mimi kazi yangu ni kusoma miamba ya pwani hii, nami kila nikivuka Likoni kwenda Kwale naona kazi ile ile mwanzo hadi mwisho, kazi ya mito. Likoni mto ulichimba bonde lake, bahari ikaja ikalifunika. Kwale maji yangali yanachimba.

Tuanze hapa mjini. Nenda Nyali maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapokupwa sana kuliko kawaida, utatembea mbali juu ya mwamba na maji yasifike magotini. Sasa tazama kivukoni: meli kubwa za makontena zinapita kati ya Likoni na kisiwa, zikiingia bandari ya Kilindini. Pwani ni moja na mwamba ni mmoja, kina hicho kimetoka wapi? Mawimbi hayawezi kuchimba mfereji wa namna ile ndani ya jiwe. Mto unaweza.

Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na mahali tulipojenga nyumba zetu palikuwa matumbawe yaliyo hai. Teremka kando ya ukuta wa Fort Jesus, upande wa bahari, utazame jiwe lenyewe kwa karibu. Utaona mistari inayojipindapinda, vishimo vidogo vilivyopangana, na vipande vya makombe vilivyoganda humo. Hayo ni matumbawe yaliyokufa pale pale yalipomea. Wareno walipoanza kuijenga ngome mwaka 1593 walisimama juu ya mwamba huo, na mawe ya ujenzi wakayakata humo humo.

Baadaye dunia ikapoa. Maji mengi yakafungika katika barafu za kaskazini na kusini ya dunia, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kiasi cha mita 120. Ufuo ukahamia mbali kule chini, na mito iliyotoka bara, wazee wa Mwache na Cha Shimba wa leo, ikalazimika kuufuata. Mto ukiteremka huchimba, nao ulichimba kwelikweli. Wala haikuwa mara moja: bahari imeshuka na kupanda mara nyingi katika enzi za barafu, na kila iliposhuka mito ilirudi kazini. Siku hizo Mombasa haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima chenye mabonde pande zake, na mtu angeweza kuteremka kwa miguu hapo ambapo leo tunangoja feri.

Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikaingia mabondeni, na tukapata hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ya Tudor upande mmoja, Kilindini na Port Reitz upande wa pili. Umbo lake linanifurahisha hadi leo, na yeyote anaweza kuliona kwenye ramani: mlangoni maji ni membamba, ukiingia ndani yanatanuka yakawa kama ziwa. Sababu ni mawe. Karibu na bahari mto ulipita kwenye jiwe gumu la matumbawe, ukalikata kwa wembamba. Ndani, kuelekea Changamwe na Miritini, kuna mawe ya tope ya kipindi cha Jurasi, enzi za dinosaria, laini, yanayomong'onyoka mkononi yakilowa. Humo mto ulijitanua utakavyo. Mawe hayo ndiyo yenye amonaiti, viumbe wa baharini wenye magamba ya kujiviringa waliotoweka zamani. Hata mwanya wa kuingilia meli kwenye mwamba wa matumbawe pale nje una uhusiano na mto, kwa kuwa matumbawe hayapendi tope wala maji matamu, na hayamei vizuri mbele ya mlango wa mto.

Sasa tupande Kwale. Vilima vya Shimba vinainuka hadi karibu mita 400, na upande unaotazama bahari vimekatika kwa ghafla, kwa sababu ardhi ilipasuka pale na upande mmoja ukashuka. Jiwe lake ni la mchanga, ndugu wa lile la Mazeras, bara kidogo kutoka Mombasa, na umri wake ni miaka kama milioni 200. Wakati huo Afrika, Madagaska na India zilikuwa bara moja, Gondwana. Hapakuwa na bahari hapa. Palikuwa na mito mipana iliyobeba mchanga, ikaulaza tabaka juu ya tabaka. Katika mawe ya Mazeras hupatikana hata magogo ya miti yaliyogeuka jiwe.

Ukifika chini ya maporomoko, pita kwanza kiganja chako juu ya jiwe kavu. Linakwaruza. Ni chembe za kwazi, madini magumu yanayofanya mchanga, nyingine kubwa kama punje ya mtama. Kisha tafuta mahali ambapo tabaka zimelala mshazari, moja ikiegemea nyingine. Mshazari ule ni wa fungu la mchanga lililokuwa likisogezwa na maji, na unaonyesha mkondo ulikuwa ukielekea wapi. Kwa hiyo kijito cha leo kinaanguka mita 21 hivi juu ya mchanga ulioletwa na mto mwingine, mto uliokufa kabla ya Bahari ya Hindi kuzaliwa. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko urefu wa maporomoko yenyewe.

Jiwe hilo la mchanga hunywa mvua na kuiachia polepole, ndiyo maana chemchemi za Marere, humo humo vilimani, zimeinywesha Mombasa kwa miaka mingi. Msitu ukikatwa, mvua haikai, inateremka na mchanga wake, na katika mito inayoishia Port Reitz mchanga huo unakwenda kulala kwenye mikoko na kwenye njia ya meli. Bonde lililofunikwa na bahari hujaa taratibu hata bila sisi; sisi tunaliharakisha.

Anayetaka kwenda aende asubuhi. Njia ya kuteremka maporomokoni ni kama kilomita 2, utasindikizwa na askari wa hifadhi kwa sababu ya ndovu, na kurudi ni kupanda, kwa hiyo beba maji ya kutosha.