Je, wajua kwa nini hasira humtia mmoja hatiani na mwenzake ikampita?

Katika baadhi ya shule za Chicago, Marekani, vijana wa kiume hupangwa wawili wawili. Mmoja hupewa mpira mdogo aufumbate mkononi, na mwenzake huambiwa ana sekunde 30 aupate. Hapo huwa ni kukunjuana vidole, kuvutana mashati na kubingirishana sakafuni. Muda ukiisha, kiongozi wao anauliza: mbona hakuna aliyeuomba? Wengi hujibu kwamba wangenyimwa, au wangeonekana wanyonge. Lakini aliyekuwa na mpira akiulizwa kama angeutoa, jibu huwa: ningempa, kwani mpira tu?

Tangu 1938 mwanasosholojia Robert Merton alieleza kwamba jamii inayomtaka kila mtu afanikiwe, huku ikiwafungia wengi njia, huwasukuma baadhi yao kwenye uhalifu. Mwaka 1992 Mmarekani mwingine, Robert Agnew, alipanua wazo hilo. Kukosa ulichokitafuta ni chanzo kimoja tu cha mbano, yaani shinikizo linalomwelemea mtu. Kupoteza unachokipenda ni kingine, kama vile kufiwa au kuachwa. Cha tatu ni kutendewa vibaya: kupigwa nyumbani, kutukanwa, kudhalilishwa mbele za watu. Vyote huzaa huzuni, hofu na hasira, na Agnew aliiona hasira kuwa ya hatari kuliko zote, kwa sababu humpa mtu nguvu ya kutenda na kumtafutia wa kumlaumu.

Tuseme kijana wa bodaboda analeta hesabu kwa tajiri kila jioni. Mvua imenyesha kutwa, abiria hakuna, hesabu haijatimia. Hilo linaumiza, lakini anajua mvua haina ubaya naye. Siku nyingine amefanya kazi vizuri, kisha pikipiki inakamatwa bila kosa na anaambiwa atoe chochote ndipo aachiwe. Hasara inaweza kuwa ileile, ila usiku huu hapati usingizi, kwa kuwa ameonewa. Agnew aliliweka jambo hili wazi mwaka 2001: mbano unaosukuma zaidi kwenye uhalifu ni ule mkubwa, unaoonekana kuwa dhuluma, unaompata mtu asiye na wa kumshika mkono, katika mazingira ambayo uhalifu ndio njia iliyo karibu. Ndiyo maana wengi wenye msongo wa mawazo hawamdhuru mtu. Wana mama wa kumlilia, rafiki wa kuwakopesha, au ofisi itakayowasikiliza.

Mwilini nako kuna kazi inaendelea. Adrenalini hupanda, moyo hudunda, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo, hulegeza usukani. Sheria zetu zimelijua hilo zamani. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zinasema aliyeua kwa kuchokozwa ghafla, kabla jazba yake haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia, si ya mauaji. Kosa linabaki, lakini sheria imekubali kwamba jazba ina muda wake.

Ule mchezo wa mpira unafundisha kuutumia muda huo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba vijana walioshiriki programu ya shuleni yenye mchezo huo walikamatwa kwa makosa ya ukatili pungufu kwa asilimia 45 hadi 50 kuliko wenzao wasioshiriki, wakati programu ikiendelea. Ilipokwisha, tofauti hiyo haikuonekana wazi tena.

Monrovia, Liberia, walikwenda mbali zaidi. Wanaume 999, wengi wao wezi, wauza dawa za kulevya na watu wa mtaani, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipata wiki nane za mafunzo ya kutawala hasira na fikra, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili, na waliobaki hawakupata kitu. Mwaka mmoja baadaye mafunzo peke yake yalikuwa yamefifia, na fedha peke yake vilevile. Waliopata vyote viwili ndio waliobaki wamebadilika, na hata baada ya miaka 10 wizi na unyang'anyi kwao ulikuwa umepungua kwa takriban nusu. Sehemu ya mafunzo yenyewe ilikuwa hii: kunyoa, kuvaa nguo safi, na kuingia benki au dukani kama mteja mwingine yeyote, mtu aliyezoea kufukuzwa mlangoni.