Stanford 1940: mpira uko wapi?

Kila ninapopokea vijana wapya wa kuwanoa, siku ya kwanza hawagusi mpira. Nazima taa, nawawekea filamu ya zamani ya Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya mpira wa Kimarekani, ya Januari 1, 1941, Stanford dhidi ya Nebraska kule Pasadena, California, halafu nasimamisha picha na kuuliza: mpira uko wapi? Wote wanamnyooshea kidole jamaa anayekimbia kajikunja, mikono imekumbatia tumbo. Hana kitu. Mpira ulishapita upande wa pili kitambo. Wala siwacheki, maana mimi mwenyewe siku ya kwanza nilirudisha nyuma mara tatu ndipo nikauona.

Kwa mliozoea soka peke yake, niweke msingi kidogo. Katika mpira wa Kimarekani timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani, ndiyo maana katika jaribio la nne wengi huupiga teke mbali ili wapinzani waanzie nyuma. Na enzi zile hapakuwa na kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda. Ukiingia unafanya vyote.

Miaka ya 1930 vyuo vingi vilicheza mfumo wa bawa moja au jamaa zake. Mtu wa kati wa mstari wa mbele anaurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, unapaa yadi nne au tano hadi kwa mchezaji mmoja aliyebebeshwa kila kitu: akimbie, apige pasi, apige na mateke. Wenzake wanamtangulia wakifyeka njia. Ni mchezo wa mabavu. Siri hakuna, kwa sababu kila mlinzi anauona mpira ukiwa hewani.

Mwaka 1939 Stanford walimpa kazi hiyo kijana Frankie Albert. Alikuwa mwepesi wa mwili, si wa mbio. Timu ilishinda mechi 1, ikafungwa 7, ikatoka sare 1. Kocha akaonyeshwa mlango.

Sasa tazama waliyemleta. Clark Shaughnessy alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, na msimu huohuo wa 1939 alikuwa amechapwa 85-0 na Michigan, 61-0 na Ohio State, 61-0 na Harvard. Desemba rais wa chuo, Robert Hutchins, akaufuta kabisa mchezo huo chuoni. Kwa hiyo Stanford, waliotoka kufungwa mechi saba, walimchukua kocha ambaye timu yake ilikuwa imevunjwa. Ningekuwa shabiki wao mwaka ule ningelalamika kuliko wote.

Kumbe Chicago alikuwa na shughuli nyingine pembeni. Katika jiji lilelile George Halas alikuwa na Bears, timu ya kulipwa, na wawili hao walikuwa wakifufua mfumo mkongwe kuliko yote, wa T. Kotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, anasimama amegusana na mtu wa kati, anapokea mpira mkononi kwa mkono, hauruki. Nyuma yake wamejipanga watatu kwa mstari. Anageuka, anampa mmoja, anajifanya kumpa wa pili, wa tatu anakimbia mbio za uongo. Walinzi wameshapoteza sekunde moja, na sekunde moja inatosha. Mstari wa mbele hauhitaji tena kumbeba mtu mzima na kumsukumia huko. Unamgonga tu, pengo linafunguka, mwenzio ameshapita. Ongeza mchezaji mmoja anayetembea kando kabla mchezo haujaanza: mlinzi mmoja lazima amfuate, na ukuta umeshapinda.

Wengi husema Shaughnessy alileta mfumo. Mimi nasema alitazama watu kwanza. Albert yule aliyeonekana hafai alikuwa na vidole vya mchawi, mkono wa kushoto wenye pasi nzuri, na uso usiosema kitu hata akiwa amedanganya. Kama kotabeki hakutakiwa tena kuparamia ukuta wa walinzi. Norm Standlee, pande la mtu, akapewa katikati. Hugh Gallarneau na Pete Kmetovic, wenye miguu, wakapewa kando. Wengi wa wachezaji hao walikuwemo kwenye kichapo cha 1939.

Septemba 28, 1940 walifungua kwa 27-0 dhidi ya San Francisco. Oregon wakala 13-0. Santa Clara walibanwa 7-6, na hiyo nikiitazama kwenye karatasi naona msimu ungeweza kuishia pale. Chuo cha Washington walitangulia 10-0 kabla ya kupinduliwa 20-10. Mechi tisa, ushindi tisa. Desemba 8, katikati ya maandalizi ya Rose Bowl, Bears wa Halas, ambao Shaughnessy alikuwa amewasaidia, wakawatandika Washington Redskins 73-0 kwenye fainali ya ligi ya kulipwa. Baada ya hapo makocha nchi nzima walitaka kujua T ni nini.

Na Rose Bowl? Stanford walishinda 21-13, ila kuna jambo huwa nawaonyesha vijana makusudi. Robo ya tatu, wakiongoza 14-13, Stanford walifika karibu kabisa na mstari wa mwisho, ule ukiuvuka na mpira umefunga, na pale mfumo mzima ukakwama. Nebraska wakazuia majaribio yote. Ukiwa yadi moja kutoka mstarini uwanja umeisha, walinzi wamejazana, hakuna pa kumpeleka mtu akapotee. Nebraska wakachukua mpira na kuupiga teke haraka kujiokoa. Kmetovic akaudaka yadi 39 kutoka mstarini, akakata kushoto, akarudi katikati, wenzake wakiwaangusha watu mmoja baada ya mwingine, akaingia nao. Halikuwa bao la T hata kidogo. Filamu ikifika hapo siisimamishi. Pale kila mtu anauona mpira.