Sisimizi wa Kaharabu Si Babu wa Mtu

Nimetumiwa tena ile picha: sisimizi mwenye pembe ndani ya kaharabu (ulimbo wa mti wa kale ulioganda kuwa kama jiwe) ya Myanmar, na chini yake maneno "babu wa sisimizi wote". Sijui ni mara ya ngapi. Tuyamalize leo.

Kwanza, ni jike. Sisimizi asiye na mabawa aliyenaswa kwenye kaharabu karibu kila mara ni mfanyakazi, na wafanyakazi kwa kawaida hawazai. Hiyo ni kazi ya malkia. Kwa hiyo mnayemwita babu ni bibi aliyekufa bila mtoto.

Tena ukoo wake mzima hauna wajukuu. Huyo ni Ceratomyrmex, wa nusufamilia ya Haidomyrmecinae, wa miaka milioni 99 hivi iliyopita. Taya zake zilifunga kwa kwenda juu, zikalibana windo kwenye pembe. Sisimizi wote wa leo hufunga taya kwa ubavuni. Kundi hilo limetoweka lote. Mkitaka undugu kwa nguvu, mwiteni shangazi, tena wa mbali.

Aliyetuponza ni sisimizi mwingine wa kale, Sphecomyrma freyi. Alipotangazwa mwaka 1967 kutoka kaharabu ya New Jersey, na taya zake fupi za meno mawili kama za nyigu, alionekana kiungo safi kati ya nyigu na sisimizi. Akaingia vitabuni, akakaa. Mwaka 2000 akatangazwa Kyromyrma neffi, kutoka kaharabu ya New Jersey vilevile, mwenye tundu la kurushia asidi kama jamaa zake Formicinae, nusufamilia ya sisimizi iliyopo hadi leo. Yaani "mjukuu" alikuwapo zama zilezile na "babu"! Haya, najua: babu na mjukuu huweza kuishi nyumba moja, spishi nazo vivyo hivyo. Ushahidi huo peke yake haumalizi kesi.

Na mimi sina uhakika kama ninavyojifanya. Kumtambua sisimizi wa kale tunategemea sana tezi ya metapleura, iliyo ubavuni mwa kifua upande wa nyuma, ambayo kwa nje ni kitundu tu. Povu la ndani ya kaharabu likituama hapo, nabaki kukisia. Isitoshe, ulimbo hunasa zaidi wanaopanda miti. Wa chini ya udongo hatuwaoni, na huenda babu halisi alikuwa huko.

Mnaouliza kuhusu DNA: haipo. Waliodai kuipata miaka ya 1990, wenzao walirudia vipimo wakaambulia patupu.