Je, wajua kwa nini behewa la Lubumbashi, hapa Kongo, linatoshea kwenye reli za Cape Town lakini halitoshei kwenye reli za Kigoma, Tanzania?

Tazama ramani. Kati ya Lubumbashi na Cape Town kuna Zambia, Zimbabwe, Botswana, kisha Afrika Kusini nzima mpaka baharini. Kati ya Kalemie, bandari yetu ya Kongo, na Kigoma kuna maji ya Ziwa Tanganyika tu. Hata hivyo, behewa linalopakiwa shaba hapa kwetu, magurudumu yake yanakaa sawasawa juu ya reli za Cape Town, ila ukilivusha ziwa kwa meli hadi Kigoma haliwezi kusimama relini hata dakika moja. Kinacholizuia ni milimita 67, karibu vidole vinne vya mkono.

Reli zetu zina upana wa milimita 1,067, ukipima kutoka uso wa ndani wa chuma kimoja hadi uso wa ndani wa chuma cha pili. Za Kigoma zina milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka upande wa ndani wa reli, na ndio unaolizuia lisitoke njiani. Magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja na hayasogei. Basi ekseli ya 1,067 ukiiweka juu ya njia ya 1,000, ule ukingo unapanda juu ya chuma badala ya kushuka kando yake.

Fundi mjanja atasema: ongezeni chuma cha tatu, kila treni itumie njia yake. Wazo hilo hufanya kazi pale tofauti inapokuwa kubwa, kama kati ya 1,000 na 1,435. Hapa haliwezekani, kwa sababu kitako cha reli peke yake kinapita milimita 100, na vyuma viwili haviwezi kulala katika nafasi ya 67. Ungelazimika kutandika vyuma vinne. Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti mbaya kuliko zote: ndogo kiasi kwamba jicho haliioni, na bado mizigo yote inabidi ishushwe na kupakiwa upya.

Nani aliamua, basi? Jibu liko mbali na Katanga, eneo letu la shaba, huko Rasi, yaani koloni la Cape, miaka mingi kabla mji wetu haujakuwepo. Reli ya kwanza ya Cape Town ilifika Wellington mwaka 1863 ikiwa na upana wa kiingereza, milimita 1,435. Kisha almasi ikaonekana upande wa Kimberley, na serikali ya koloni ikataka treni ifike huko haraka. Katikati kulikuwa na milima ya Hex River. Njia pana inataka kona pana, na kona pana milimani maana yake ni kupasua mawe mengi na kumwaga pesa nyingi. Mwaka 1873 wakachagua futi tatu na inchi sita, ambazo ndizo milimita 1,067. Njia nyembamba inaweza kujikunja kufuata mlima. Wahandisi walikuwa wanatafuta unafuu wa kazi yao wenyewe, na bila kukusudia wakawapangia watu wa Katanga.

Maana reli ikishaanza kwa upana fulani, kila kipande kinachoungwa mbele yake kinafuata upana uleule. Treni ilifika Kimberley mwaka 1885, Mafeking 1894, Bulawayo 1897. Mwaka 1905 ikavuka daraja la Mosi-oa-Tunya juu ya Zambezi. Cecil Rhodes, aliyeota reli moja kutoka Cape hadi Cairo, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1902. Mwaka 1906 ikafika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, na mwishoni mwa 1909 ikagusa mpaka wetu pale Sakania.

Mfalme Leopold wa Ubelgiji hakupenda shaba ya Kongo itoke kupitia mikono ya Waingereza. Wabelgiji walitamani njia ya kitaifa, itakayopita ndani ya Kongo mpaka Matadi. Lakini Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mashine nzito na makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba, na makaa yalikuwepo Wankie, ambayo leo ni Hwange, huko huko kwenye reli ya kusini. Robert Williams, Mskoti aliyekuwa na haki za utafiti wa madini Katanga, alisukuma sana njia hiyo. Kutoka Sakania reli ilipanda kilomita 255 hivi, na mwaka 1910 treni ikaingia mahali palipoitwa Élisabethville, ambapo leo ni Lubumbashi. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Watu hupenda kusema mji huu ni mtoto wa mgodi. Mimi husema gare, yaani stesheni, nayo ina haki yake, maana bila treni mawe ya mgodi wa Étoile yangebaki mawe.

Mpaka leo njia hiyo ya zamani inamchanganya msafiri asiyeizoea. Magari yanavukia Kasumbalesa, treni inavukia Sakania. Ni mipaka miwili tofauti.

Kwa wakati uleule, kaskazini kulikuwa kunajengwa Kongo nyingine ya reli. Kampuni ya CFL ya Baron Édouard Empain, mtu wa tramu na wa metro ya Paris, haikuwa inatafuta kuungana na mtu. Kazi yake ilikuwa kuruka maporomoko: meli inapoishia, treni inapokea, kisha meli tena. Kutoka Kisangani hadi Ubundu ni kilomita 125, zilizofunguliwa mwaka 1906. Ikafuata njia ya Kindu hadi Kongolo, na mwaka 1915 reli ya Kabalo ikafika Kalemie. Zote zilikuwa za mita moja. Ndiyo kusema kulikuwa na wakati ambapo Kalemie na Kigoma, iliyofikiwa na reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1914, zilikuwa na upana uleule pande zote mbili za ziwa.

Zilitenganishwa makusudi. Kampuni ya reli ya BCK ilikuwa imeunganisha Bukama na Ilebo mwaka 1928, reli ya Benguela ikaja kutoka Lobito na kushikana na yetu mwaka 1931, zote kwa 1,067. Reli ya Matadi, iliyozaliwa nyembamba sana mwaka 1898, ikapanuliwa kuwa 1,067 kufikia mwaka 1932. Kipimo cha kusini kikawa cha wengi. Mwaka 1955 vyuma vya CFL upande wa Kindu na Kalemie vikasogezwa navyo, na mwaka 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kikaviunganisha na Katanga. Kalemie ikampata Lubumbashi, ikampoteza Kigoma. Kisangani na Ubundu ndizo zilizobaki na mita yao, kwa kuwa hapakuwa na wa kuungana naye.

Haya yote unaweza kuyasoma, lakini yanaingia vizuri zaidi ukiyaona, na ukienda ubebe mita ya fundi mfukoni. Sifanyi mzaha. Wageni wengi kwenye makumbusho ya reli hupiga picha ya kichwa cha treni, wakasoma kibao, wakaondoka, na hawaangalii chini.

Anza Livingstone, Zambia. Ni barabara ndefu kutoka Kasumbalesa kupitia Ndola na Lusaka, lakini hiyo ndiyo makumbusho ya mstari wetu wenyewe. Imewekwa kwenye eneo la zamani la Zambezi Sawmills, kampuni iliyokuwa na reli yake ya kuelekea Mulobezi kuchukua magogo ya mukusi. Mbao zake zilichongwa mataruma. Utakuta vichwa vya mvuke vimesimama kwenye 1,067, na daraja la 1905 haliko mbali. Ukiwa na siku za kuongeza, vuka hadi Bulawayo, kwenye makumbusho yanayotunza behewa la Rhodes. Huko pia utaona Garratt, kichwa kirefu chenye tangi la mvuke katikati na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, ili chuma kizito kiweze kupinda kwenye kona kali. Hizo ni kona zilezile zilizoletwa na njia nyembamba. Wahandisi wa Rasi walipunguza gharama ya mlima, na miaka hamsini hivi baadaye watengenezaji wa Manchester wakaziletea reli za kusini treni inayojipinda.

Nairobi ni ukoo mwingine. Makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana mali ya reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, yote kwa mita moja, kwa vifaa na mafundi wa India ambako mita ilikuwa kawaida. Watoto wataenda moja kwa moja kwenye behewa ambalo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall mwaka 1900. Wewe nenda kwa 5918, Mount Gelai. Ni Garratt ya tani zaidi ya 250, wa kundi la vichwa vya mvuke vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye mita moja, na alitengenezwa kwa namna ambayo angeweza kugeuzwa awe wa 1,067. Walikuwa wanategemea kwamba siku moja reli za mashariki zitakutana na za kusini.

Zilikutana kweli, kwa namna yake. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilikamilika katikati ya miaka ya 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa kipimo chetu. Reli ya zamani ya Tanzania haikubadilishwa, kwa hiyo pale Kidatu zinapokaribiana mizigo huhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Tangu 2024 kuna pia treni ya umeme ya 1,435 kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa hiyo ukipita Dar, mji huo mmoja una vipimo vyote vitatu. Pima kwenye kichwa cha reli, si kwenye kitako, na usipime njia ambayo treni bado zinapita.