Askari wa b2 hana sumu

Jumapili nimetoka raundi ya mwisho ya sataranji nimepigwa, nimekaa Makadara na kahawa yangu chungu, kashata hata sijaimega, ananijia jamaa aliyekuwa akichungulia meza yangu: "Kaka, si nilikwambia sumu hailiwi?" Mara ya ngapi hii, jamani!

Ilikuwa Sisilia, Najdorf, ufunguzi wa mwenye nyeusi, yaani mimi (herufi na namba ni vyumba vya ubao). Askofu wake g5, malkia wangu b6, malkia wake d2, nikala askari wa b2, yule wanayemwita mwenye sumu. Ngome b1, malkia a3. Hadi hapo hakuna aliyeharibu. Jina hilo la sumu ndilo linalowapumbaza watu. Nilichokopa ni muda: malkia kanimalizia hatua tatu kwa askari mmoja, mwenzangu anazidi kutoa kete, mfalme wangu yuko e8 hajajificha.

Mjuaji atanitajia Reykjavik 1972, mechi ya ubingwa wa dunia kati ya Spassky na Fischer, mchezo wa 11: Spassky karudisha farasi b1, malkia wa Fischer akanaswa. Sawa. Na ule wa 7, mechi hiyohiyo? Fischer alikula askari yuyohuyo wakatoka sare. Huo hautajwi barazani.

Nilipojiua ni baadaye. Akasukuma e5, nikala, akala kwa askari wa f. Farasi wangu wa f6 anafukuzwa. Arudi d7, basi. Lakini d7 anaziba njia ya askofu wangu, anaonekana kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kikapu kitupu. Nikaona haya, nikamweka d5, katikati, anapendeza. Farasi wakalana, askari wangu wa e akajikuta d5, na jamaa hakufikiri hata dakika: e6! Askari wa bure. Ukimla, safu ya e inafunguka hadi kwa mfalme, na malkia wangu yuko a3 akitazama sinema. Sasa niambie, b2 imeingiaje hapo?

Nikiri jambo: hata hiyo d7 siielewi sawasawa. Kompyuta inanionyesha sifuri, yaani tuko sawa, lakini kwa mlolongo wa hatua ambazo saa ikibaki dakika nane siwezi kuzipata. Huenda mchezaji wa kiwango changu hana kazi na mstari huu. Nimelifikiria hilo tangu Jumapili.

Na huyo jamaa ni mtu wa drafti, mchezo ambao kula ni lazima! Jumamosi nikipewa nyeusi nitakula tena. Yeye asisimame nyuma yangu tu.